Mrija wa Venansi

Jumatano, 2 Julai 2025 – Gitega
Daktari anasema ini la Venansi limejaa mafuta, limeanza kukakamaa. Ini! Miaka yote nawaza kichwa tu. Tangu apasuliwe uvimbe wa kichwani utotoni, ile tezi chini ya ubongo haitoi homoni sawasawa. Ndiyo maana mdogo wangu ana miaka thelathini na sura ya mwanafunzi. Kumbe upungufu huo umefika hadi ini. Dawa ataongezewa. Pombe – marufuku, hata tone.

Alhamisi, 3 Julai
Nimempigia Baba, kijijini Butihinda. Kusikia ini tu, akawaka: huo ugonjwa wa walevi, mtoto kajifunza ulevi mjini! Akakata simu. Venansi alisikia yote. Hakula.
Jirani yetu Farida alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu, nani atamuuzishia pombe? Ku kabare ya pombe batamuambia aende aite papa yake, vraiment!" Venansi akacheka pia, kidogo. Nampenda Farida kwa hilo.

Jumapili, 6 Julai
Baba kapiga mwenyewe. Nikamweleza polepole: si pombe, ni homoni. Halafu: basi nimemwonea mwanangu. Tuende Jumamosi, binti wa baba mdogo anaposwa. Mtandao ukakatika. Venansi ameshapiga pasi shati!

Jumamosi, 12 Julai – Butihinda
Naandika mlangoni pa jiko.
Chungu cha impeke, pombe yetu ya mtama, kiko katikati na mirija yake. Wanaoitwa kukinywa ni wanaume wazima tu. Venansi hajawahi – kila sherehe hupewa fanta, akae na watoto. Leo Baba kasimama mbele ya wageni: "Huyu mwanangu nilimdhania mlevi. Nilimkosea. Venansi, njoo unywe na mimi." Akampa mrija.
Jamani! Nilimwambia pombe siyo iliyomuumiza. Sikumwambia amekatazwa. Kwa Baba, kama pombe haina kosa, basi anywe!
Kukataa chungu mbele ya wakwe ni kumwaibisha mzee. Venansi ameketi, ameutia mrija mdomoni. Namtazama mashavu – hayasogei. Havuti. Machozi yanamlengalenga, na anatabasamu. Mungu wangu, alivyopendeza!
Baba ameinama kumnong'oneza, akaona. Ameona! Amejisogeza, bega lake likamkinga Venansi wakwe wasimwone.
Sasa mshenga anapaza sauti: kijana hajavuta, arudie tuone. Watu wamegeuka kutazama. Baba ameushika mrija wa Venansi, ameutia kinywani mwake, anavuta yeye!