Chungu cha Kwaresima

Kitandililo, Makambako
9 Mei 1954

Kwa Mama yangu Fidelia, Uwemba.

Kamwene, Mama. Nakuamkia nikiwa nimepiga goti, ingawa hunioni. U hali gani? Mguu wako je, baridi imeuachia au bado unaufunga kile kitambaa cha sufu? Na Baba hajambo, na wadogo zangu wote? Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Enoki yuko barabarani na wenzake wanaomwaga kokoto, hurudi Jumamosi akiwa mwekundu kwa vumbi hata kope. Mjukuu wako Ida sasa hatembei, anakimbia, na neno lake la kwanza kila asubuhi ni uji. Mwandiko wangu uuvumilie, nimeandika barua hii vipande vipande huku yeye akinivuta nguo.

Mama, nina habari nyingi za jikoni. Utacheka, kisha naomba usome mpaka mwisho.

Unajua nyumba hii desturi yake. Mke wa mwana hupika kwenye jiko la mama mkwe mpaka mtoto wake wa kwanza atembee, ndipo mama mkwe humpa mafiga yake matatu, akawasha moto wake mwenyewe. Ida ametembea tangu kabla ya Krismasi. Nilingoja. Januari ikaisha, Februari ikaisha, mkwe wangu Mama Anyisile hakutaja mafiga wala moto. Sikuuliza, maana mafiga hayaombwi. Lakini kila nilipofunika makaa yake nilijiona mgeni ambaye hajaambiwa akae wala aende.

Kwaresima ikaja. Nilifunga kama ulivyotulea, bila nyama, bila maziwa, bila mayai mpaka Pasaka. Watu wa nyumba hii ni Walutheri, hawafungi hivyo, lakini hakuna aliyenizuia. Mama Anyisile alisema tu kwamba tumbo ni langu.

Katikati ya Kwaresima tukawa na mgowe, ile kazi ya kusaidiana, majirani waje kutung'olea maharage. Asubuhi ile Mama Anyisile alishikwa na kiuno. Alipika uji wa maziwa akiwa ameshika ukuta, akaniambia niwapelekee watu shambani. Nikajitwika chungu, nikaenda. Nawe unajua, Mama, anayeleta chungu kwa watu huonja kwanza mbele ya macho yao, wajue hakuna baya ndani. Hata kwetu ni hivyo. Nilichota, nikainua upawa, harufu ya maziwa ikanipanda puani, nikakumbuka mfungo wangu. Nikaushusha. Nikaanza kuwagawia watu bila kuonja.

Mzee Lameki, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alishika bakuli lake akaniangalia, akasema kwa upole, "Mama Ida, hiki chungu hakijasalimiwa." Nikamjibu kwa heshima kwamba nimefunga, mimi ni Mkatoliki, siwezi maziwa. Hakubisha. Aliliweka bakuli chini kwenye majani, akarudi kung'oa maharage. Mwingine akaweka lake, na mwingine. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo liliniumiza. Walifanya kazi mpaka jua la utosi na njaa yao, na uji wa Mama Anyisile ukashika ngozi juu kama maji ya dimbwi.

Habari ilifika mtoni kabla yangu. Wifi yangu Yunisi, ambaye ulimi wake unamenya viazi bila kisu, alisema mbele ya wanawake kwamba bibi arusi wa Uwemba kaleta chungu asichokiamini yeye mwenyewe, na kwamba hata mbwa wa Lameki alinusa akasema asante, nimeshiba. Wanawake wakacheka. Mimi nilicheka nao kidogo, nikachota maji, nikaondoka na mtungi ukiwa nusu.

Mama Anyisile hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba nikae na mtoto, nimechoka, na kuanzia siku hiyo akapika peke yake na kiuno chake hicho. Nikishika mwiko ananipokea. Nikishika kuni ananipokea. Nikajua basi, mafiga sitayaona. Mwanamke ambaye watu hawali mkono wake utampa moto wa nini? Enoki alipokuja Jumamosi alinishauri ninywe funda moja tu, akisema Mungu ana kazi nyingi kuliko kuchungulia upawa wangu. Nilimwambia Mungu labda hachungulii, lakini mama yangu ananiona kutoka Uwemba. Akacheka.

Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Kisha nikawaza hivi: kama siwezi kuonja maziwa, kwa nini nisipike kifungua kinywa kisicho na maziwa, nikionje chote? Maharage hayakuwa yameisha, watu walikuwa wanarudi. Nikamwendea Mama Anyisile, nikapiga goti, nikamwomba anipe asubuhi moja nipike mimi, kila kitu kitoke shambani, hakuna cha ng'ombe wala cha kuku. Akasema, "Watu wa jembe hawanyweshwi maji ya viazi, mwanangu." Nikamjibu kwamba haitakuwa maji. Akasema mtungi ule pale, kuni zile pale, yeye anakwenda kuanika mahindi.

Sasa sikiliza nilivyofanya, unisahihishe. Unga wa ulezi niliuloweka jioni upate uchachu. Karanga za gulioni Makambako nikazitwanga mbichi, nikazikamua kwa maji ya moto kupitia kitambaa safi, tui likatoka jeupe kama maziwa yenyewe. La kwanza liliniunguza, Mama. Nilisahau neno lako kwamba tui la karanga halitaki moto wa hasira, nikasokomeza kuni, likashika chini, jiko zima likanuka kama nywele zilizoungua. Nikamwaga, nikalia kidogo, nikatwanga upya. La pili nilitoa kuni mbili, nikakoroga bila kuacha mpaka mkono ukafa ganzi, likakubali. Nikachemsha viazi mviringo pamoja na njegere, nikaviponda kwa chumvi na kitunguu na majani ya maboga yaliyokatwa membamba. Na boga lenyewe nikalipika na maganda yake, lile la njano linalopasuka lenyewe. Jikoni kulinukia mpaka Yunisi akapita mara mbili akijidai anatafuta ungo.

Tukavibeba shambani, Yunisi akanisaidia boga bila kuombwa. Nikatua mbele ya watu, nikachota uji, nikanywa. Nikamega viazi, nikala. Nikamega boga, nikala, na siwezi kukuficha kwamba nilikuwa na njaa, nikamega tena. Mzee Lameki akaniambia taratibu, mkwe, tumeshaamini, sasa tubakizie. Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kingine, si kile cha mtoni. Walikula. Yule mzee alifuta bakuli kwa kidole, akauliza ng'ombe gani hutoa maziwa ya namna hii. Nikamwambia ni ng'ombe wa chini ya ardhi, hana pembe.

Mama Anyisile alikuja nyuma, akala akiwa amesimama. Mchana, tulipokuwa wawili tu tukipukuchua maharage, ndipo alipozungumza. Na hapa, Mama, ndipo ninapotaka kukuambia lililonifanya nikuandikie.

Alisema hivi, bila kuniangalia, mikono yake ikiendelea na kazi: "Mtu aliyefunga huyatazama maziwa kwa hamu, Oktavia. Wewe uliyakimbia. Ni mwezi wa ngapi?"

Nilitaka kumwambia ni Kwaresima. Na ilikuwa Kwaresima kweli, sikudanganya mtu. Lakini aliponiuliza hivyo nikajihesabia kimoyomoyo, na machozi yakaangukia maharage. Pasaka imekuja na kupita, kila mtu anakunywa maziwa yake, nami bado nikisikia harufu yake nageuka. Ndiyo, Mama. Ida anapata mdogo wake, Mungu akijalia, baridi itakapokuwa imepita na mvua zimeanza. Wewe ni wa kwanza kuandikiwa. Enoki anajua, anapiga mluzi hata akinawa uso.

Mama Anyisile akanieleza pia kwa nini alichelewesha mafiga. Alisema ana mwana mmoja tu. Aliogopa kwamba siku nitakapowasha moto wangu, chungu cha Enoki kitahamia kwangu, na mimi siku moja nitahamia Uwemba na kila kitu, na yeye atabaki akipika kwa ajili ya moshi. Mama, sikuwahi kufikiri kwamba ananiogopa. Nilidhani mimi tu ndiye niliyeogopa.

Wiki iliyofuata mazungumzo hayo aliokota mafiga matatu mwenyewe kijitoni, na kiuno kile. Akayapanga kwenye ua, hatua chache tu kutoka mlango wake, akaleta kaa la moto kutoka jikoni kwake kwenye kigae. Nikabandika chungu changu cha kwanza, uji uleule wa ulezi na karanga. Ulipoiva nilimwita. Akaja akaketi kwenye kigoda kama mgeni, shuka lake amelikunja vizuri magotini. Nikachota, nikainua upawa nionje kwanza mbele yake kama ipasavyo, akanishika mkono.

"Lete tu," akasema. Akanywa.

Nisalimie Baba, umwambie sasa ana jiko la kufikia akija Makambako. Wasalimie wadogo zangu, na jirani wanaoniulizia. Ida anakubusu mikono, na Mama Anyisile ameniagiza niandike kwamba anataka kujua nawe unakoroga uji kwenda upande gani, maana mimi na yeye hatujakubaliana. Mungu akutunze mguu huo mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Oktavia, Mama Ida