Mtoto Aliyekula Ukuta wa Darasa

Thyolo, 17 Januari 2011

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na mvua hizi? Mimi mzima, ila tope la huku kwenye mashamba ya chai haliishi.

Lile darasa la tatu nililopewa Septemba, watoto mia na sita, sasa limenyooka. Kuna binti mmoja, Fainesi, ana miaka tisa, mtoto wa wachuma chai. Mvivu huyo hujapata kuona! Anasinzia tangu kengele ya asubuhi. Juzi nikamfuma anabandua udongo wa ukutani na kutafuna. Nikamsimamisha mbele. “Jamani, huyu panya gani anayekula shule yetu?” Darasa zima likalipuka: “Panya! Panya!” Tangu siku hiyo hakuna anayesinzia. Mwalimu mkuu kanisifu.

Mwanao,
Tadala

Nkhotakota, 6 Februari 2011

Mwanangu Tadala,

Goti bado linanisumbua, mengine tunashukuru. Barua yako nilisomewa na mchungaji. Alipofika kwenye panya nilimwomba anipe karatasi. Hii nimeiandika kwa mkono wangu, usicheke herufi, maana haya sitaki mchungaji ayaandike.

Kabla yako nilimzaa Velesi. Tulikuambia alirogwa. Velesi alikuwa anakula udongo wa mafigani. Nilimpaka pilipili mdomoni, nikamchapa, nikamwita mvivu, naye akififia mbele ya macho yangu. Alipokufa muuguzi aliniambia ni safura: minyoo inang’ata utumbo na kunyonya damu, mtoto anachoka, anatamani udongo. Mimi nikachagua kusema uchawi. Kumchukia jirani kulikuwa rahisi.

Mshushe mtoto huyo kope la chini, utazame. Ukikuta peupe, usingoje kesho.

Mama yako

Thyolo, 29 Machi 2011

Mama,

Shikamoo. Unisamehe kwa ukimya wangu. Barua yako ilinikuta Fainesi hajaja shule wiki mbili, wala sikuwa nimeuliza.

Nilikwenda kwao. Bibi yake akasimama mlangoni. “Mwalimu wa panya ndiye wewe?”

“Ndiyo, bibi.”

“Umekuja kumcheka na huku?”

Nikamwomba nimwone mtoto. Mtoto alikuwa mkekani, uso umevimba. Kope lake, mama, lilikuwa jeupe kama ugali wa nsima. Nikambeba mgongoni hadi zahanati, bibi nyuma yangu. Kutoka hapo wakampeleka hospitali, mjomba wake akamtolea damu. Anapata nafuu.

Daktari aliniuliza, “Shuleni kwenu hamkugawa vidonge vya minyoo muhula uliopita?” Nikasema sijui. Nilidanganya. Vililetwa Novemba, nikakabidhiwa mimi. Mitihani ilikuwa karibu, nikaona vitanipotezea vipindi, nikavifungia kabatini. Viko humo mpaka leo. Nisamehe, mama.

Tadala

Nkhotakota, 18 Aprili 2011

Mwanangu,

Usiniombe msamaha mimi, si mimi uliyenidanganya. Nimenyamaza miaka ishirini na nane, na ukimya haujanipa nafuu hata siku moja. Ulimfedhehesha mbele ya watoto, basi kaseme mbele ya watoto.

Jumapili nilikwenda kwa yule jirani niliyemwita mchawi, nikamweleza yote. Akanifungia mlango. Ni haki yake.

Mama yako

Thyolo, 20 Mei 2011

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nilimweleza daktari, kisha mwalimu mkuu, naye akanipa barua ya onyo. Watu wa afya walileta vidonge vipya, wakagawa wenyewe, mimi nikishika ndoo ya maji.

Kisha nikasimama mbele ya darasa. “Fainesi si panya. Alikuwa mgonjwa, na dawa nilikuwa nayo mimi.” Mmoja akauliza, “Kwa hiyo na sisi tulikuwa wagonjwa, mwalimu?” Nikamwambia baadhi yao, ndiyo. Hakuna aliyecheka.

Fainesi alirudi Jumatatu, mashavu yamejaa. Nilikuwa nimemwekea nafasi mbele, lakini aliipita, akaenda kukaa nyuma kabisa. Wakati wa mapumziko nikamuuliza sababu.

“Nikikaa mbele utaniona, mwalimu. Utanisimamisha tena.”

Nikamwambia sitamsimamisha tena kamwe. “Ndiyo, mwalimu,” akaniitikia, kama mtoto anavyomwitikia mtu asiyemwamini.

Anasoma, mama. Hasinzii. Madaftari yake nayaona, majibu anayajua. Ila nikiuliza swali, hanyooshi mkono.

Mwanao,
Tadala