Jina la mwenye wimbo

Saint-Josse, Bruxelles

Mudogo yangu Mwadi,

Jambo sana. Habari ya magoti yako, na habari ya Papa Mukendi bwana yako? Simu unashika kwa kujipiga picha tu, kuniambia kama uko muzima hapana. Sisi huku tuko bazima, baridi tu ndiyo inatukula.

Bon. Juzi mujukuu wangu Jémima, ule wa kuniita Kambo na kusomea violon, alinipeleka kusikia orchestre. Nilikataa. Nilisema sivai viatu vya kubana kwa kwenda kusikia bazungu bakikwaruza nyuzi. Alafu nikaenda. Usicheke.

Mwadi, bantu makumi nane balikaa mbele na nguo nyeusi kama ya matanga. Balivuta pumzi pamoja, nikaisikia mbele ya sauti. Filimbi moja ikaanza kidogo, kama muntu anaimba peke yake jikoni. Kisha ngoma, kisha violon zile kubwa zenye kusimama kama wanaume, na kiti changu kikatetemeka mupaka kwa meno. Mikono yangu ilishika mwichi wa kutwanga, na mwichi haukuwapo. Viatu nilisahau.

Jémima alinieleza kama mwenye kuandika muziki ile, miaka mia imepita, alizunguka vijiji vya kwao na mashine ya kushika sauti, akiomba bamama ba kulima bamuimbie. Nikamuuliza huyu mama wa wimbo huu anaitwa nani. Akatafuta kwenye karatasi. Jina la bwana liko kubwa, la mama hapana. Nilikasirika mupaka bazungu baligeuka. Mutoto akanishika mukono: «Kambo, wimbo yako haitapotea. Nimeisha kuiandika.»

Kumbe ameuchukua ule wimbo wetu wa kutwanga unga ya ugali, ule wa «Papa panda juu, bukari imeiva», na mwezi wa sita benzake ba shule bataupiga. Juu ya karatasi ameandika: wimbo wa Kambo Lucienne.

Njia yote nilirudia ile jina: Kambo Lucienne, Kambo Lucienne.

Unakumbuka siku ile papa yetu alitoka kwenye mine, chini ya udongo, akakuta natwanga nikiuimba, akauliza nani ameutunga. Wewe uliyeutunga ulikuwa ndani, umelala na homa. Nilisema: mimi. Akaninunulia kitenge cha manjano, na wewe ukakililia. Miaka sitini nimeimba kwenye ndoa za bantu, bananisifu, nakubali. Na wewe ulijua, ukafunga kinywa. Mbona hukusema? Kichwa yako ngumu.

Leo asubuhi nimemwambia Jémima yote. Amefuta, ameandika: wimbo wa Mwadi. Sasa anataka beti ya tatu, ile uliyomuimbia mama peke yake. Mimi siijui. Uimbe ndani ya simu, umutumie. Usiseme sauti imeisha.

Musalimie Papa Mukendi na batoto bote. Jirani yangu Élodie anashuka kwenu Likasi mwezi kesho. Ndani ya valise yake kuna kitenge cha manjano. Usimupe muntu. Ni chako.

Yaya yako mukubwa,
Lucienne