Mahindi ya Turubai Moja

Jumapili, 20 Julai 2025

Nimeropoka kanisani leo.

Baada ya misa Padre Adolfu kasoma barua ya Sista Luciana, wa kituo cha watoto kule ng'ambo, Zambia. Ghala lao limeungua. Watoto arobaini na tatu, na hawana hata debe moja la mahindi. Wanaomba kigango chetu hapa Pito tuwasaidie. Kamati ya kukusanya ikaundwa palepale, mwenyekiti mimi. Nikasimama kushukuru. Nikajikuta nasema: mimi mwenyewe natoa gunia tano!

Makofi. Utamu wake siwezi kudanganya.

Kwetu sadaka ya mahindi haitajwi hivyo. Mtu analeta, anamwaga, anaondoka. Mama Coleta ndiye katibu wangu. Alinisubiri mlangoni: "Mwenyekiti, leo umefungua mnada?" Nimecheka. Sikupenda.

Nyumbani mke wangu Redempta kaniuliza, tano zipi? Mapya tumepata kumi na mbili na harusi ya binti yetu Edith ni Septemba. Nikamjibu niachie mimi.

Jumatano, 23 Julai

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma.

Nyuma ya ghala kuna gunia tano za mwaka jana. Februari dumuzi aliziingia. Dawa ya unga ya dukani nikaweka mara mbili – anatembea tu juu yake kama yuko harusini. Jirani yangu Kija, yule Msukuma mwenye ng'ombe, akanipa nusu chupa ya dawa anayoogeshea ng'ombe wake. Nikachanganya na maji, nikapuliza kwa bomba, nikaanika. Dumuzi alikufa siku hiyohiyo! Kija kaniambia: "Haya usile, Baba Edith. Ya kupanda tu Desemba." Nikasema nimeelewa.

Leo nimeyaanika tena tangu asubuhi. Nimeyanusa. Hayanuki. Au pua imezoea. Miezi mitano imepita, na jua hili, dawa gani itabaki? Na ukiyaangalia ni mazuri. Yamejaa, meupe.

Mapya sitaki yaguswe.

Alhamisi, 24 Julai

Yamepokelewa.

Nimepeleka na mkokoteni mapema, kabla watu hawajawa wengi. Akina mama wametandika turubai mbili kwenye uwanja wa kanisa. Kila mtu anamwaga. Huyu debe, huyu sado, yule bibi wa kule bondeni kaleta kwenye kitenge, hata sado haijai. Halafu Mama Coleta na wenzake wanakoroga kwa sepetu mpaka yote yanakuwa kitu kimoja, ndiyo wanajaza kwenye viroba vipya vyeupe na kushona. Ndiyo desturi. Ili aliyeleta kidogo asione haya mbele ya aliyeleta kingi. Nimeiona tangu mtoto.

Sasa sijui kwa nini sikuikumbuka. Nilijua zangu zitakuwa tano, zimekaa pembeni, tano kati ya nyingi. Mtoto atakula kidogo tu, basi.

Zimemwagwa. Nimeona sepetu inaingia.

Viroba thelathini na nane. Wameniambia mwenyekiti shona cha mwisho, wapige picha. Nimeshona.

Jumamosi, 26 Julai

Kuku wamekufa.

Sita, na jogoo. Nilifagia pale nyuma ya ghala zilipokuwa zile gunia, takataka nikatupa uani. Mchana wakaanza kuzunguka, shingo zimepinda, povu. Redempta analia – mdondo huo, umetoka Milanzi, mjomba wake walimfia wote wiki iliyopita. Kasema tusiwale, tuwafukie.

Nimechimba shimo. Redempta anasema mbona unalichimba refu hivyo, baba, ni kuku tu hawa.

Viroba bado viko kanisani. Vimefungwa ndani na ufunguo ninao mimi. Nimeukalia kitandani jioni nzima.

Kama zingekuwa tano pembeni ningeenda kuzitoa. Ningesema zimeloa, ningesema chochote. Sasa zote thelathini na nane ni zangu. Nikisema, ya yule bibi wa kitenge nayo yanakwenda shimoni. Kigango kizima. Nitasemaje?

Jumapili, 27 Julai

Gari limeondoka.

Ilikuwa baada ya misa. Padre Adolfu kapanda juu, kanyunyizia viroba maji ya baraka. Watoto wa utume wameimba. Dereva ni Timoth, kijana wa Kizwite, lori la shemeji yake, kajitolea. Nilikuwa nimeshika mlango wa lori. Nilifungua mdomo. Nikasema: Timoth, endesha taratibu.

Jumatatu, 28 Julai

Timoth kapiga asubuhi. Springi imekatika Matai! Hajavuka mpaka. Fundi anasema siku mbili.

Nimepiga magoti jikoni. Redempta kashangaa. Nimemwambia namshukuru Mungu. Kwa springi kukatika? Kwa kila kitu, nikamwambia.

Mchana Kija amepita na ng'ombe. Kasimama kwenye uzio: "Baba Edith, nimesikia mmechangia watoto. Ninyi Wafipa wagumu kuachia mahindi kuliko mke, mmefanya vizuri." Tumetaniana.  Kaniuliza yale ya dawa uliyaweka wapi? Anaona nyuma ya ghala pako tupu.

Nimemwambia nimeyafukia.

"Vizuri," akasema. "Ndama wangu alilamba ndoo ya dawa ile mwaka juzi. Hakufika jioni."

Jumanne, 29 Julai

Nimekwenda Matai. Nyumbani nimeaga nafuata dawa ya mgongo.

Lori limeinuliwa kwa magogo pembeni ya barabara. Timoth yuko chini, miguu tu nje. "Shikamoo mzee! Umekuja kutulinda?" Nimemnunulia wali na maharage kwa mama ntilie. Tumekaa kivulini. Nimegusa turubai la gari kwa mkono, mahindi yako pale, nayahisi.

Nilishapanga maneno. Timoth, usivuke, mahindi yana sumu. Maneno matano tu!

Akaanza yeye. Anasema mzee, mimi nimelelewa kituoni, ulikuwa hujui? Kwa masista walewale, hadi darasa la saba. Ndiyo maana sijachukua nauli. Anasema siku gari la mahindi likiingia watoto wanalikimbilia kabla halijasimama.

Nimerudi na gari la saa tisa. Sikusema. Naandika kama ilivyo: sikusema.

Jumatano, 30 Julai

Nimekwenda kuungama. Sijaungama tangu Pasaka.

Nimesema yote. Chupa ya Kija, turubai, kuku, Matai. Nikasubiri.  Padre Adolfu kaniuliza, taratibu kabisa: "Watoto wanakula saa ngapi?"

Nikasema sijui, Padre.

Kasema kusamehewa ni kwa Mungu, na Mungu hachelewi. Ila yeye mdomo wake umefungwa. Alichosikia pale hawezi kukipeleka kwa Mama Coleta, wala kwa Timoth, wala kwangu mimi mwenyewe nikishatoka nje. Hata watoto wakifa.  "Unanielewa? Umeniwekea mimi jambo ambalo siwezi kulishika. Mwenye mikono ni wewe." Malipizi: simu moja. Na kama simu haipatikani, miguu.

Nimempigia Timoth pale pale nje ya kanisa. Haipatikani. Mara nane.

Namba ya fundi nimeipata saa kumi. Anasema springi imeshawekwa, ameondoka toka mchana.

Alhamisi, 31 Julai

Timoth bado hapatikani. Atakuwa ameshavuka, laini yetu kule haishiki.

Nimekutana na Padre asubuhi njiani. Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina. Kaniuliza habari ya baridi. Nikasema ipo, Padre. Jicho lake halikusema kitu, hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Namba ya Sista Luciana anayo Mama Coleta. Nikaenda. Kaniuliza ya nini. Nikasema nijue kama mzigo umefika. Kasema Sista ametuma ujumbe mwenyewe, wanashukuru sana, gari liliingia jana jioni, watoto wameimba.  Nimekaa chini kwenye kinu chake kilichopinduliwa.

Nimemwambia.

Hakupiga kelele. Alikuwa anapeta mchele, akaendelea kupeta, ungo unapanda unashuka. Akasema: "Yote? Tuliyakoroga yote." Nikasema yote. Akasema, "Mimi ndiyo nilishika sepetu." Halafu akaweka ungo chini na kumpigia Sista simu, moja kwa moja. Inaita, inakatika. Inaita, inakatika. Ujumbe ameandika, hatujui kama umesomwa.

Kasema nenda. Kesho, gari la kwanza. Mimi nakusanya jumuiya, nitawaambia. Nikamwambia usiwaambie mpaka nirudi. Kaniangalia. "Baba Edith, unataka wakusubiri ili iweje?"

Redempta nimemwambia usiku. Kasema kitu kimoja: "Uliniacha nilie mdondo."

Ijumaa, 1 Agosti

Naandika nimekaa benchi la kituo. 

Nimetoka alfajiri. Gari la abiria, Noah, mpaka Matai, bodaboda mpaka mpakani Kasesya, pale nimegongewa muhuri karatasi ya kuvukia, bodaboda nyingine huku. Huyu wa huku anaongea Kimambwe, tunasikilizana nusu nusu. Nilimwambia kimbiza, watoto. Akafikiri nina mtoto mgonjwa, kanipa pole njia nzima.

Nimefika saa sita na dakika kidogo. Sista Luciana katoka mbio, mwanamke mfupi, aproni ina unga. Unga! Kanishika mikono miwili. "Mwenyekiti! Umekuja mwenyewe!" Kumbe ananijua, wamemtumia ile picha nashona. Simu yake iko kwenye chaji kijiji cha pili, umeme hamna.

Nilianza kusema, Sista, subiri. Hakusikia. Watoto walikuwa wanaimba. Wamenivuta mpaka bwalo. Wote arobaini na tatu wamekaa kwenye mikeka, sahani mbele. Ugali unatoa moshi. Na maharage. Binti wa miaka kama tisa kaniletea maji ya kunawa na kitaulo begani, kapiga goti. Nikanawa. Sista kasema wanasubiri mgeni aumege wa kwanza. Ndiyo adabu yao, hawagusi mpaka mgeni ameanza. Na mgeni ndiye aliyeleta chakula chenyewe!

 Macho yote kwangu. Kadogo kamoja mbele kameshika tonge kwa macho tu, kanameza mate.

Nimesimama. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Msile! Yana sumu. Nimeweka mimi."

Hawakuelewa. Wengine wakacheka, wakidhani mgeni anatania. Sista hakucheka. Kaangalia uso wangu, basi ikatosha. Akasema neno la Kimambwe, mara moja, na wakubwa wakaanza kunyang'anya wadogo sahani. Kelele, Mungu wangu. Mtoto mwenye njaa akinyang'anywa ugali uliokwisha fika mbele yake! Kuna mmoja kalala juu ya sahani yake kwa tumbo.

Hakuna aliyemega. Namshukuru Mungu. Niliandika hivyo akilini kabla Sista hajaniambia lingine.

Uji wa asubuhi. Jana jioni walisaga debe mbili. Wakubwa walikuwa shamba asubuhi, hawakunywa. Wadogo kumi na mmoja wamekunywa uji saa mbili.

Nimempigia Kija kwa simu ya bodaboda, nipate jina la dawa, muuguzi wa zahanati analitaka kabla hajaja. Kija kapokea. Nikamwambia yale sikufukia. Kasikia. Hakuniuliza swali hata moja, kanisomea jina kwenye chupa herufi kwa herufi, akarudia. Halafu akasema, "Wape maziwa – hapana, usiwape kitu. Ngoja muuguzi. Mimi najua ng'ombe tu, baba. Najua ng'ombe tu." Akakata.

Muuguzi yuko njiani na pikipiki. Kasema tusiwatapishe. Kasema tuwakalishe nje kwenye hewa, tuwavue nguo kama wameloa jasho, tuangalie mate na macho. Na tusiwaache walale.

Wamekalishwa ukutani, kwenye jua, kumi na mmoja kwa mstari. Wawili wanasema tumbo. Wengine wanagombania kopo. Timoth, kumbe bado hajarudi na lori, yuko mwisho wa mstari, kapiga magoti, kamshika mmoja usoni kwa viganja viwili. Hajaniangalia. Tangu nisimame bwaloni hajaniangalia.

Nilitaka kwenda kusaidia. Sista kasema, kwa heshima tu, wewe kaa hapo hapo, mwenyekiti.

Anapita kwa kila mmoja. Anachuchumaa, anamwambia ataje jina lake. Mtoto anataja, anahamia mwingine. Nawasikia kutoka hapa, sauti ndogo ndogo, jina moja moja. Sita wameshataja.

Sasa yuko kwa wa saba. Amemuuliza mara ya pili.