Upande Wako wa Kioo

Gereji ya Vioo,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Nakuandikia kwenye ile meza ya Baba yenye mguu uliofungwa waya. Nimetoka ibadani sasa hivi, hata viatu sijavua, maana najijua, nikivua viatu nitalala. U hali gani, ndugu yangu? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Wifi yangu na kazi yake ya kusimama kutwa, miguu inampa nafasi? Na wanangu wawili, bado wanagombania kiti cha dirishani? Kila nikipiga magoti nawataja mmoja mmoja, na wewe nakuweka wa mwisho ili nikae na wewe kidogo.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baba macho yake sasa yanatofautisha mwanga na giza, basi, hayaendi zaidi ya hapo. Lakini masikio! Ukifungua kopo la sukari jikoni, yeye yuko barazani anakuhesabia vijiko. Shemeji yako hajambo, kitambi ndicho kinachoingia gerejini kwanza, yeye anafuata.

Sasa Kijiti, usiruke mistari kama ulivyozoea. Nina jambo la kukuambia nalo ni zito kwangu. Linahusu kile kioo kilichovunjika mikononi mwetu, mimi na wewe, mwezi mmoja kabla hujaondoka. Miaka kumi na tisa tumekizunguka kama shimo barabarani. Leo nitakitaja. Ila nivumilie kwanza nikusimulie habari za gari la Mwalimu, kwa sababu bila gari lile nisingeishika kalamu hii.

Unamkumbuka Mwalimu wetu wa hesabu, yule aliyekuwa akituchapa kwa macho tu bila fimbo? Amestaafu. Watoto wake wamemnunulia gari kubwa jeusi, la kifahari, jipya, ukiliona utadhani waziri anashuka, kumbe ni yeye na kikapu chake cha kufumia. Wamelinunua kwa sababu ya mume wake. Mzee miguu imekataa, na kila Alhamisi asubuhi lazima afike hospitali kusafishwa damu. Basi gari lile, ukibonyeza kitufe, linashuka lenyewe taratibu mpaka mzee anaketi bila kuinua mguu. Nilipoliona nikasema, jamani, hata gari linapiga magoti, na kuna watu ninaosali nao hawapigi.

Jiwe lilirushwa na lori likapiga kioo cha mbele. Alama ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Mwalimu akaosha gari kwa maji baridi jua likiwa kali, punje ikafunguka mpaka ukingoni, mbele kabisa ya macho ya dereva. Kioo kingine kikaagizwa, kikachukua wiki tatu kufika. Magari ya siku hizi si yale yetu, Kijiti. Nyuma ya kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kuna kamera inayosoma barabara. Ikiona mtu mbele, gari linashika breki lenyewe. Kwa hiyo kioo kikibadilishwa, kamera nayo lazima isawazishwe upya, la sivyo gari linaweza kushika breki kwa kivuli na lisishike kwa mtu.

Tulikifunga Jumanne, mimi na shemeji yako. Tulikata gundi ya zamani kwa waya, tukasafisha fremu, tukapaka gundi mpya, kisha tukabandika vile vishikio vya mpira vinavyonyonya kioo na kunyanyua kwa hesabu yetu ile ile ya Baba: moja, mbili, Mungu. Bado hatunyanyui kwa tatu. Shemeji yako amekuwa upande wako wa kushoto miaka yote hii, na bado ananyanyua kama mtu anayetoa gunia shimoni.

Kioo kikakaa vizuri kabisa. Na mimi, kama Baba alivyotufundisha, nikaacha dirisha moja wazi vidole viwili. Unakumbuka sababu yake. Gundi ikiwa mbichi, mtu akibamiza mlango huku madirisha yamefungwa, hewa ya ndani inakisukuma kioo. Miaka yote vidole viwili vya Baba havijatuangusha.

Lakini Baba hakuwahi kukutana na gari lenye maamuzi yake. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi, akainuka kwenda msalani na ufunguo ndani ya mkoba. Gari likaona mwenyewe ameondoka, likajifunga, likapandisha na dirisha. Aliporudi likajifungua milango, ila dirisha likabaki juu. Akachukua mto wa mzee kiti cha nyuma, akabamiza mlango ule kwa mkono wake wa kufungia darasa. Nilikuwa nimesimama mbele na kitambaa mkononi. Nilisikia hewa ikisema puf. Nikaona ukingo wa juu wa kioo, upande wa kulia, upande wangu, umeinuka kiasi cha unene wa ukucha.

Nikaubonyeza kwa kiganja. Nikajiambia umerudi. Sikumwambia mtu. Shemeji yako alikuwa ananawa mikono, Mwalimu anamsifia kazi, na mimi nikanyamaza. Hivyo tu. Gari likalala gerejini ili gundi ishike.

Jumatano asubuhi akaja fundi wa kamera, dada mmoja tunayemwita Rula kwa sababu hapiti mahali bila kupima. Ana ubao wenye michoro mieusi na myeupe, anausimamisha mbele ya gari kwa umbali anaoujua yeye, na kompyuta yake inaongea na kamera. Akawasha. Ikakataa. Akajaza upepo matairi yote sawasawa, akawasha tena. Ikakataa. Tukafagia sakafu, tukalisogeza gari, akapima upya kwa kamba. Ikakataa mara ya tatu.

"Mashine yako imechoka," shemeji yako akamwambia.

"Mashine haichoki, fundi. Labda sakafu yenu ina kitambi kama wewe."

"Kitambi changu kiko sawasawa, pima!"

Mwalimu kwenye benchi akaangalia saa. "Mimi nataka kujua kitu kimoja. Kesho saa mbili mzee wangu yuko hospitali au hayuko?"

Teksi haziwezi kumchukua, walishajaribu wiki iliyotangulia, walimbeba kama kabati na mzee alilia kwa aibu. Mwalimu aliniambia hilo mwenyewe, na unajua yeye si mtu wa kukueleza machozi ya nyumbani kwake.

Kijiti, nilisimama pale na kitambaa changu nikifuta kitu ambacho kilikuwa safi tayari. Nilijua. Nikisema, kioo lazima kikatwe tena na kunyanyuliwa, na kikivunjika ni wiki tatu nyingine. Nisiposema, Rula atazidi kutafuta kosa kwenye vyombo vyake, na huenda mwisho wakachoka, wakamruhusu Mwalimu aondoke hivyo hivyo, na kamera inatazama pembeni huku mzee yuko ndani. Nikawa nasali kimoyomoyo, na hata katika sala nikajikuta naomba mashine iwe mbovu kweli. Sala gani hiyo? Nikaikatiza katikati.

"Ni mimi," nikasema. "Jana dirisha lilijifunga, mlango ukabamizwa, kioo kikainuka upande wangu. Nikaona, nikanyamaza."

Baba alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Akasema nimpeleke kwenye kioo. Nikamshika mkono, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole kuanzia kushoto kwenda kulia, polepole, kichwa amekiinamisha. Kona ya juu kulia akasimama. "Hapa pana uwazi," akasema. "Panalia kama kopo."

Shemeji yako alinitazama kama hanijui. Mimi nikamgeukia Mwalimu nikingoja yale macho. Hamsini nimezipita, lakini nikaficha mikono mgongoni kama mtoto wa darasa la nne.

"Wewe binti," akasema, "nilipokufundisha, ukikosa hesabu nilikuwa nakuambia ufanye nini?"

"Nirudi pale nilipokosea, Mwalimu."

"Basi rudi. Mbona umesimama?"

Tulikata ile gundi kwa waya, unyuzi kwa unyuzi, saa mbili nzima. Rula alivua koti akashika taa. Shemeji yako hakunisemesha mpaka tulipobandika vishikio, ndipo akanong'ona, "Mke wangu, safari hii nitanyanyua polepole." Moja, mbili, Mungu. Kikatoka kizima. Jasho lilinitiririka mpaka ndani ya viatu. Tukapaka gundi upya, tukakiteremsha, na dirisha tukaliacha wazi huku ufunguo ukiwa umetundikwa shingoni mwangu kama kengele ya mbuzi, Mwalimu asiuguse. Saa kumi jioni Rula akawasha. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikakubali. Alhamisi saa mbili kasorobo mzee alikuwa mlangoni hospitali, amevaa kofia yake, ameteremka kwa miguu yake na fimbo.

Sasa nimefika, Kijiti.

Kile kioo cha miaka ile, cha basi la shule. Mimi kulia, wewe kushoto, Baba anahesabu. Baba alipofika "mbili" mlango ukafunguka, akaingia kijana wa matairi, huyu huyu ninayemwita leo shemeji yako. Nami nikaachia mkono mmoja nitengeneze kitambaa kichwani. Kitambaa, ndugu yangu! Kioo kikainama kwangu, kikagonga nguzo, kikamwagika chote sakafuni. Baba alikukemea wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unachezacheza kila siku. Alikuita mkono wa maji, usioshika kitu, mbele ya wateja. Uliinua kichwa ukanitazama. Ulijua. Ulinitazama nawe ukanyamaza, ukachukua fagio. Na mwezi uliofuata ukaondoka.

Nimejidanganya miaka kumi na tisa kwamba uliondoka kutafuta maisha. Pengine ni kweli pia. Lakini hukurudi hata mara moja, na kwenye simu hujawahi kuuliza, "Gereji inaendeleaje?" Sikuachia mkono kwa kusudi. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kwa kusudi, kila siku, hata Baba alipokuwa akikusema na mimi namkorogea chai. Nisamehe, mdogo wangu. Ulibeba upande wako, ukabeba na wangu.

Jumatano ile ile nilimwambia Baba. Nilikuwa namkata kucha za miguu. Aliponisikia akanipa mguu wa pili nikate.

"Kijiti alijua?" akauliza.

"Alijua, Baba."

Akaniambia nimletee kishikio chako. Labda hujui kwamba bado kiko kwenye msumari wako. Shemeji yako alinunua chake, kwa sababu Baba hakuruhusu mtu yeyote akiguse hicho. Mimi nilidhani ni hasira. Nilipokitungua nikakuta mpira wake ni laini, hauna ufa wala vumbi. Miaka kumi na tisa, Kijiti! Alikuwa anakipaka mafuta mwenyewe, sijui lini, sisi tukiwa wapi. Akalamba kidole gumba, akalowanisha mpira, akapapasa mpaka kwenye kioo cha dirisha la chumba chake, akakibandika na kuvuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Bado kinashika," akasema. "Mwandikie."

Samahani hajaitamka, unamjua Baba, mdomo wake una kutu mahali hapo. Lakini kishikio kiko pale dirishani mpaka leo na hataki kiondolewe. Kila asubuhi nakikuta kimeanguka, ananiambia nikilowanishe nikibandike tena. Leo kabla ya ibada nimekibandika mara ya nne. Njoo, ndugu yangu. Si kufanya kazi, njoo tu ukae barazani ukohoe na Baba asikie ni wewe, maana kwa macho hatakuona.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa alichoniletea kwa posta nimekivaa leo, na safari hii mikono yangu haikuwa na kazi nyingine. Wabusu wanangu wote wawili, mkubwa umwambie shangazi yake bado anasubiri picha ya meno yaliyoota. Shemeji yako anakusalimu, anasema upande wa kushoto anauachia siku yoyote, mgongo wake hauna kinyongo. Mwalimu naye anakusalimu, na anauliza kama bado unaandika saba kama moja. Baba yeye hakutuma salamu. Alisema kile kishikio kinatosha.

Mwenyezi Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe afya na riziki ya halali, na akifungua njia ya kurudi, aifungue tukiwa sote bado tupo.

Nikupendaye siku zote,
dada yako wa upande wa kulia.