Majirani wa Waridi

Makongeni, Nairobi
2 Mei 1954

Mke wangu Rispa,

Nakusalimu, na kwa mkono huu huu namsalimu mama mkwe. Je, mguu wake umeanza kukanyaga chini? Mimi mwili wangu ni mzima. Zaidi ya hapo siwezi kusema.

Telegramu niliyokuletea ilikuwa na maneno matano tu. Leo, baada ya ibada, nimekaa nikuandikie yaliyobaki.

Waridi alianza kukohoa Jumatatu ya Pasaka. Jirani yetu Muhiba alimkanda kifua kwa mafuta ya moto, akamlaza kwake mchana kutwa ili nisikose kazi. Alhamisi nikampeleka hospitali. Wakasema ni kichomi, wakampa kitanda. Jumamosi tukaamka askari wa Hali ya Hatari wameuzunguka mji mzima. Hakuna kutoka wala kuingia, watu wamechuchumaa barabarani mikono kichwani, kila mtu anadaiwa kipande cha kitambulisho. Mkubwa wangu wa karakana ya reli aliniandikia karatasi, nayo ndiyo iliyonivusha hadi wodini.

Jumanne mchana alinishika kidole. Akaniuliza, "Mama yuaja lini?"

Nikasema, "Karibu."

"Karibu ni kesho?"

"Karibu tu, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyeridhika. Akalala, wala hakuamka.

Rispa, nilitaka nimlete kwako Rabai. Nikishindwa hilo, nimpeleke kwetu Gem akalale karibu na nyanya yake. Lakini njia zote zilikuwa zimefungwa. Tulimzika siku ya pili, katika makaburi ya Wakristo nje ya mji. Tulikuwa mimi, katekista, Abdurahim mume wa Muhiba, na wenzangu wawili wa karakana. Muhiba alimshonea gauni jeupe la mikono mirefu, maana alisema udongo wa Nairobi una baridi.

Rudi, nakuomba. Nyumba imekuwa kubwa.

Mumeo,
Baba Waridi


Makongeni
18 Julai 1954

Mama Waridi,

Salamu nyingi, na natumaini afya iko. Hii ni barua ya nne. Siku hizi watu wanasafiri tena, na gari la moshi la Mombasa linafika kila asubuhi. Mara mbili nimekwenda stesheni nikasimama pale pale, nikaangalia wanawake wote wakishuka.

Muhiba huniuliza habari zako kila tukutanapo kwenye bomba la maji. Namjibu kwamba barua iko njiani.

Kama una hasira nami, iandike. Hasira iliyoandikwa naweza kuisoma. Hii ya kunyamaza siijui herufi zake.

Baba Waridi


Rabai
5 Septemba 1954

Zedekiah,

Barua zako zote zimefika. Mama hajambo, anatembea kwa gongo. Mimi nala, nalala, nachota maji, kwa hiyo nadhani ni mzima.

Umesema niandike. Basi soma.

Nilipopata habari kuwa Mama ameanguka, nilitaka kuja na mtoto. Ni wewe uliyesema abaki, kwa kuwa ameanza shule juzi tu na ameshajua kuandika jina lake. Nikakubali. Kwa hiyo sehemu ya hasira hii ni yangu mwenyewe, nami nalala nayo.

Tulipooana Mombasa watu walisema, huyu Mrabai na huyu Mjaluo, mtoto wao atakuwa na kwao mara mbili. Leo hana kwao hata mara moja. Amelala katikati ya watu asiowajua.

Hapa mzee wa kanisa huja kunifariji. Ananiambia Bwana atarudi na mawingu, parapanda italia, makaburi yatafunguka na kifo kitakuwa kimeshindwa kabisa. Mimi nayaamini hayo tangu utotoni. Babu zetu walikuja Rabai wakiwa hawana kitu chochote ila tumaini hilo. Lakini sasa limegeuka likawa mwiba. Kwa sababu siku hiyo ikifika, Zedekiah, mimi nitafufuka huku na wewe utafufuka Gem. Waridi ataamka Nairobi. Unajua alivyo. Mgeni akibisha hodi, hujificha ndani ya leso yangu mpaka mgeni aondoke. Ataamka na umati wote ule, kelele zote zile, malaika wenyewe hajapata kuwaona. Nani atamshika mkono mpaka nifike?

Nilimwuliza mzee wa kanisa. Akacheka kwa upole, akasema hayo si ya kuulizwa. Nami sikumwuliza tena.

Kama waweza, mfukue, mlete. Kama huwezi, usiniite nirudi.

Rispa


Makongeni
21 Novemba 1954

Mama Waridi,

Nakusalimu kwa heshima. Mshukuru Mama kwa ufuta, umefika, na nusu nimempa Muhiba. Mimi ni mzima.

Nimechelewa kujibu kwa sababu swali lako lilinishinda. Kwanza nilikwenda kuomba ruhusa ya kumfukua. Wamekataa. Ofisi tatu, jibu ni lile lile. Nimekwisha, sina tena pa kugonga.

Nilirudi makaburini nikiwa na uchungu, hata nikamwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikakaa chini. Nikaona kwamba katika miezi yote hiyo sijapata kutazama kulia wala kushoto. Nikakumbuka ulivyouliza ni nani atakayemshika mkono. Nikajiambia, hilo walau naweza kulitafuta.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada nakwenda. Nawangoja watu wanaokuja kupalilia, nawaamkia, nawauliza.

Upande wa kulia amelala mzee aitwaye Phares, mtu wa Maragoli, aliyekuwa mpishi. Nimeonana na mwanawe. Anasema mzee alikuwa mkali jikoni, lakini mfuko wake wa koti haukukosa maandazi ya watoto wa jirani. Miguu ilimsumbua, akatembea polepole sana. Nikamwambia mwanawe, "Siku ile hatatembea polepole." Yule kijana akaguna, "Basi nasi tutachoka kumkimbilia." Tukacheka wawili makaburini, watu wakatugeukia.

Upande wa kushoto ni mama mmoja, Penina. Ilinichukua majuma matano kumpata mtu wake. Mwishowe akaja dada yake, na jembe dogo. Nikamwuliza, marehemu alifanya kazi gani. Akasema, "Alikuwa mkunga, pale Kaloleni." Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, Rispa. Lakini miaka ishirini na miwili alipokea watoto wa wengine. Dada yake anasema hakumpa mama mtoto wake kabla ya kumfuta uso na kumnong'oneza, "Usiogope, umefika."

Nilimshika yule dada mkono, akaniacha nilie.

Mimi si mwalimu wa dini. Sijui siku ile mambo yatapangwaje. Lakini najua kwamba Bwana atakapoifungua ardhi kama mlango, mkono wa karibu kabisa na binti yetu ni mkono uliozoea kuwapokea wanaotoka gizani. Penina sikumweka mimi pale.

Nilimsimulia Muhiba. Akapepeta ungo wake, kisha akasema, "Hata sisi tunamngoja Nabii Isa ashuke, Baba Waridi. Tutaonana huko, na gauni nitalijua."

Jina lako pia nimelifikiri. Yule Rispa wa zamani, wa kwenye Biblia, alikesha juu ya mwamba akiwalinda wanawe waliokufa, ndege wasiwaguse. Nawe umekesha miezi saba. Usishuke mwambani kwa sababu yangu. Nataka tu ujue kwamba hulindi peke yako.

Baba Waridi


Rabai
9 Januari 1955

Mume wangu,

Heri ya mwaka mpya. Mama anakusalimu na anauliza kama Nairobi bado mnavaa makoti. Mimi sijambo, na safari hii neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Sikujibu upesi kwa sababu nilitaka kujua kama utulivu nilioupata utakaa. Umekaa.

Nikuambie ndoto. Niliota jana alfajiri, wala sijamwambia mtu.

Ilikuwa asubuhi, lakini jua silioni. Mwanga ulitoka kila mahali kama harufu ya mvua inavyotoka kila mahali. Nilikuwa nakwea kilima chetu cha Rabai, nacho hakikuwa na mwisho, na sikuchoka. Watu walikuwa wanatoka ardhini pande zote, wana vumbi nywelani, wanapiga chafya, wanacheka. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe kabila. Kando ya njia niliona nyumba imeachwa mlango wazi, ndani tupu, buibui wametanda. Nikamwuliza mtu, hii ya nani? Akajibu, "Hapa palikuwa kwa Kifo." Akaendelea na njia yake kana kwamba si kitu.

Kisha nikamwona mama mnene, amekunja mikono ya nguo. Alikuwa amepiga magoti anamfuta mtoto uso kwa ncha ya leso. Mtoto hakujificha. Alikuwa akichungulia juu ya bega la yule mama, akinitafuta. Nyuma yao alisimama Mtu ambaye uso wake sikuthubutu kuutazama. Niliona mkono wake tu, na kovu. Alikuwa akingoja bila haraka, kama mwenyeji anayetaka wageni wake wasalimiane kwanza.

Nikaamka kabla ya kuwafikia. Nikalia, ila kile kilio kilikuwa na njia ya kutokea.

Mama sasa anatembea vizuri. Nitapanda gari la moshi niwe nawe siku ya Pasaka. Uje stesheni. Safari hii utazame wanawake wote, mmoja wao nitakuwa mimi.

Mkeo,
Mama Waridi


Makongeni
20 Machi 1955

Mama Waridi wangu,

Nakusalimu, mpenzi, na moyo umenishuka. Nimeamriwa kwenda Nakuru tangu tarehe ishirini na nane, miezi mitatu. Kuna mabehewa mengi ya kutengenezwa huko na mafundi ni wachache. Niliomba waniache hadi Pasaka. Haikuwezekana.

Sitaki ushuke stesheni usione mtu wako. Wala sitaki uende kule makaburini mara ya kwanza bila mimi kando yako. Ngoja hadi Juni, nitakuja mwenyewe Rabai nikuchukue. Ukikataa kungoja, funguo ziko kwa Muhiba. Lakini ngoja.

Baba Waridi


Makongeni
17 Aprili 1955

Mume wangu Baba Waridi,

Salamu zikufikie Nakuru, wewe na wenzako. Unakula vizuri? Muhiba amesema ulikuwa unakonda, nami nikiona koti lako ukutani namwamini.

Sikungoja. Nimengoja mwaka mzima, imetosha. Abdurahim na Muhiba walinipokea stesheni, na Jumatatu ya Pasaka nikaenda makaburini peke yangu, kwa miguu.

Nilipiga magoti nikaweka mkono juu ya udongo. Ni kweli una baridi. Nilikaa naye sana, maneno tuliyoongea ni yetu. Kisha nikamwamkia Mzee Phares, nikamwamkia Penina, nikamshukuru.

Nilipoinuka niliona watu watatu, hatua chache kutoka miguuni pa Waridi. Wanaume wawili walikuwa wanamalizia kufukia kaburi dogo, dogo hata kuliko la kwetu. Walipomaliza walibeba majembe wakaenda kungoja langoni. Akabaki mwanamke kijana, Mkamba, amesimama. Hakujua akae wapi. Nilimjua, Zedekiah. Nilikuwa sijapata kumwona, lakini nilimjua.

Nikamwita, "Dada, njoo ukae hapa, nyasi ni kavu."

Akaja. Akakaa, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu hana mtu hapa."

"Anao," nikamwambia. "Huyu hapa ni binti yangu, ana miaka sita. Huyu ni mzee mwenye maandazi mfukoni. Na huyu mama ni mkunga. Bwana akirudi hapatakuwa na mtoto atakayeamka peke yake."

Akanitazama, aone kama namdanganya. Nikamwacha atazame. Kisha akaniuliza, "Wewe unayaamini hayo kweli, au unanifariji tu?"

Nikamjibu, "Nilikataa miezi mingi. Nimeshindwa kukataa."

Nikamwuliza mtoto anaitwa nani. Akasema aliishi siku tatu tu, wazee hawakuwahi kumpa jina. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba siku ile wakiitwa watu, wake ataitwaje?

Tukakaa pale nyasini tukatafuta jina, mimi na yeye. Alitaja la babu yake, akaliacha. Alitaja la mjomba, akaliacha. Wale wanaume wakaita kutoka langoni mara mbili. Mara ya tatu akainuka, akajikung'uta nguo, akarudi hadi penye kaburi, akainama akalisema jina karibu kabisa na udongo, kama unavyomsemesha mtoto usiyetaka kumshtua.

"Musyoka."

Nikamwuliza maana yake.

Akasema, "Kwetu, ni anayerudi."

Nakungoja hapa Makongeni. Njoo Juni, nikupeleke ukamwamkie.

Mkeo,
Mama Waridi