Baba Amekataa Kupimwa Amelala

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Magoti yako yanaendeleaje na hiyo baridi ya asubuhi? Mihogo umeshaivuna, au nguruwe wa jirani wamekutangulia? Tangu tuliposikia Bibi amezikwa, nakuwaza umeketi peke yako pale Fizi, unalinda shamba mtu asije akausogeza mpaka. Sisi huku Uganda, kambini Kashojwa, tupo. Nikisema wazima nitakuwa nakudanganya. Habari za Baba ndizo zimenifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu wewe utalia, mimi nitalia, na salio litaisha bure.

Mama, kambi hii ya Nakivale ni nchi ya kupimwa. Tulipofika walitupimia kiwanja kwa kamba. Watoto wanapimwa uzito wakiwa wamening'inizwa, miguu inarusharusha hewani. Mahindi sokoni yanapimwa kwa kopo, na mwenye kopo ana kidole gumba kinene ambacho hakitoki ndani. Kliniki wanapima damu, ofisini wanakupima kwa macho kabla hujafungua kinywa, na Jumapili mchungaji anatukumbusha kwamba Mungu naye anapima mioyo. Neno ni lile lile, kila mtu na kazi yake. Nilidhani nimelizoea lote. Kumbe Baba alikuwa na la kwake.

Unaijua kazi aliyokuwa akiifanya kanisani. Mtu akifariki, ni yeye aliyekwenda na tete, akalilaza kando ya marehemu, akalikata kwa urefu wake na kumpelekea seremala. Lile tete halikurudi nyumbani kwa mtu, lilishuka kaburini pamoja na mwenyewe. Ndiyo maana sisi watoto hatukuthubutu hata kwa mchezo kupimana tukiwa tumelala. Ungetuchapa wewe kabla yake.

Mguu ulipokatwa kwa ajili ya ile sukari, nilikueleza. Kidonda kilipona kwa juu, akazoea magongo, akawa anajigamba kwamba akipata mguu wa bandia atarudi kwako akitembea, mguu mmoja wa Mungu na mmoja wa fundi. Kweli wakatuita hospitali ya Mbarara. Tulipanda boda mpaka Kaberebere, kisha gari. Fundi wa miguu alikuwa kijana mpole, Mnyankore, mwenyeji wa huku. Alimlaza Baba kitandani, akatoa futi ya kitambaa, akainyoosha kutoka kiunoni kwenda kwenye kisigino cha mguu mzima.

Baba akaikamata ile futi. "Unafanya nini?"

"Napima, ssebo, mzee wangu. Hii kitu ya kawaida tu. Wewe lala."

"Kwetu habapimake mutu mwenye kulala. Ule banapima vile, banaenda kumuzika. Miye siyakufa bado."

"Lakini mzee, mguu..."

"Mapendo, leta magongo yangu."

Nilimsihi. Halafu nikakasirika, Mama, nisikufiche, nikamwambia mbele za watu kwamba ushamba wake utatumaliza. Aliyakumbatia magongo yake kifuani. Aliogopa, Mama, na mimi sijawahi kumwona Baba akiogopa, hata siku ile tuliyokimbia. Tukarudi mikono mitupu.

Nyumbani akageukia ukutani. Mvua zikaja zikaisha, maharagwe tukayang'oa bila yeye kutoka nje hata kuyatazama. Mwishowe nikaenda Mbarara peke yangu, nikamweleza fundi habari ya tete. Hakucheka. Alisema, "Sasa kwa nini hukuniambia ile siku? Hata akisimama napima. Mlete."

Baba aliposikia atapimwa amesimama, alinyoa ndevu. Akavaa koti la kanisani. Kule Mbarara akasimama na mguu wake mmoja, mikono mabegani kwangu, uzito wake wote juu yangu, nikashangaa alivyokuwa mwepesi. "Sasa upime," akamwambia fundi, na nilimwona anataka kutabasamu.

Fundi alifungua kitambaa, akabonyeza pale mguu ulipoishia. Akanusa vidole vyake. Akaikunja futi bila kupima chochote, akaenda kumwita daktari.

Chini ya kovu nyama ilikuwa inaoza, Mama, na kwa ile sukari Baba hakusikia maumivu. Wamesema watakata tena, juu zaidi, na kwamba moyo wake sasa hautamudu mguu wa bandia. Nilimfuata fundi nje, nikamwuliza: kama angempima ile siku ya kwanza, angeona? "Nyabo, dada yangu, mimi ni wa miguu tu," akasema, akatazama pembeni. Nimelibeba jibu hilo mpaka leo na linanichoma.

Sasa anangoja zamu yake ya kukatwa. Amekubali. Ameniagiza nikuandikie kwamba akipona atakuja kiangazi, umwekee mbegu za karanga. Haya, nimeandika. Lakini haji, Mama. Baba harudi tena Fizi. Najua shamba ukiliacha litaliwa, na kaburi la Bibi litabaki na magugu. Najua uliapa hutakula chakula cha kupimiwa kambini. Acha shamba. Njoo wewe, njoo akiwa bado anaijua sauti yako. Atataka nimsomee barua hii kabla haijaondoka. Kipande hiki nitakiruka.

Msalimie Mjomba fundi baiskeli, umwombe akusindikize mpaka mpakani, na deni la shukrani nitalilipa mimi. Wasalimie mama zangu wa kwaya, na shemeji yangu mjane, wanawe wasome. Jirani yetu Mrundi, mama muuza ndizi anayemletea Baba uji usio na sukari, anakusalimu ingawa hamjaonana. Anakuombea kwa rozari yake, usikasirike, maombi ni maombi.

Baba naye anakusalimu sana. Ukifika, akikuuliza umefuata nini huku, usiseme nilikuita. Mwambie umechoka kumngoja.

Ni mimi binti yako,
Mapendo